Kitambaa Chako cha Vumbi, Mama

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitanifikia huku Kibaha, lakini siwezi kuanza kuzungumza nawe bila kukuamkia. Tangu tukuzike kwenu Chole sijakuandikia neno. Leo yamenifika hapa kooni.

Nimekalia kiti chako cha mkutubi, maktaba ileile ya chuo. Wewe hukukikalia sana. Kutwa ulikuwa katikati ya rafu na kile kipande cha kanga, unapangusa vitabu visivyo na vumbi hata chembe. Nilipokuwa mdogo, nikikufuata hapa baada ya shule, nilikuuliza, "Mama, vumbi gani hilo lisiloisha?" Ukacheka, ukaninong'oneza, "Waliosema kuuliza si ujinga hawakuwahi kuuliza mbele ya darasa zima." Kisha nikaona mwenyewe. Mwanafunzi anajisogeza, anajifanya anasoma migongo ya vitabu, anakuuliza bila kukutazama. Nawe unamjibu umegeukia rafu, mkono unaendelea kupangusa. Waliokaa mezani hawajui kama mmezungumza.

Siku hizi wanafunzi wananitumia meseji. Mtu namwona kwa macho yangu, amekaa palee, ananiandikia kwenye simu! Ilinichoma, Mama. Nilijiona zimwi linalokimbiwa na watoto wa watu. Nikaapa kubandika tangazo mlangoni: mwenye shida aje mezani kwa miguu yake.

Jana nalitafutia tangazo hilo gundi, simu ikalia. "Shikamoo madam. Ni Neema wa mwaka wa kwanza, niko dirishani. Sijui kutafuta makala kwenye kompyuta hii na kazi nakusanya kesho. Usije, hawa watanicheka. Chuo kimenishinda, bora nirudi nyumbani."

Nikainua macho. Neema namfahamu, mtu mzima, amepanga chumba mtaa wa Picha ya Ndege na mtoto wake humwachia jirani ili asome. Amezungukwa na vijana wanaoweza kumwita mama, na begi keshalifunga.

Nikifika pale kimwalimu, nimemwaibisha. Nikijibu kwa simu, atakuwa ameshatoka. Nikavuta droo yako, kipande cha kanga kimo mpaka leo. Nikaanza kupangusa. Nikapangusa viti, nikapangusa dirisha, nikafika kwake. Nikiwa nimempa mgongo nikamwambia taratibu, "Andika hapo juu maneno mawili tu ya mada yako. Haya, bonyeza." Vijana hawakuinua hata kichwa. Nani ana habari na mtu anayefuta vumbi?

Makala zikafunguka. Nilisikia zipu ya begi, nikajua anaondoka. Kumbe anatoa kalamu.

Tangazo nimelichana. Waandike tu meseji zao, na wanaotaka kuja mezani waje. Nilidhani wananikimbia mimi, kumbe wanatafuta pa kuulizia bila kuchekwa, kama walivyokutafuta wewe.

Ijumaa nakuja Chole kukupalilia kaburi. Mwenyezi Mungu akurehemu, Mama, akupe kivuli na utulivu. Ila kabla sijamaliza, nami nina swali, na naliuliza nimegeukia rafu wanafunzi wasinione: nitazoea lini kukaa hapa bila wewe?

Mwanao,
kitindamimba wako