Masaa Matatu Mpaka Bakwanga

Elisabethville, mwezi wa saba 1962

Mushauri wetu,

Nisaidie, hasira inanikula na sijui niipeleke wapi. Mimi ni Muluba wa Kasai, bwana yangu Gérard ni mutu wa Kongolo, huku huku Katanga, karani, tumeoana miaka kumi na moja, tunakaa Bel-Air na batoto bane. Mwezi wa tano ilifika telegrame ya kaka yangu Clovis kutoka kwetu Bakwanga, mama iko mugonjwa sana, anakuita, nikaanza kufunga mizigo palepale, maana tangu Katanga ijitenge bantu ba Kasai banafukuzwa na ndeke za ONU, ule Umoja wa Mataifa, zilikuwa zinabarudisha kwabo, lakini Gérard akasema, "Madeleine, ile ndeke inapita Léopoldville kwanza, inalala kule, ni siku tatu. Utakuta bamekwisha kumuzika. Umuandikie barua." Nilimuamini, yeye njo anasoma gazeti, yeye njo anajua mambo ya bazungu, nikabaki, na mama alikufa siku ya tano, kila asubuhi akiuliza kama nimefika. Sasa bandugu zangu banasema nina roho ngumu.

Juma lililopita jirani yangu Jeanne, ambaye ndugu yake anapakia mizigo pale kiwanja cha ndeke cha Luano, alinieleza tu katika mazungumuzo kwamba kutoka hapa mpaka Bakwanga ni kilometa mia saba na kitu, ndeke inaruka saa mbili asubuhi, saa tano iko chini. Masaa matatu, mushauri. Kwenda Kasomeno na kamio ya mizigo tunakawia zaidi. Nikamuuliza Gérard, "Ulijua?" Akasema, "Nilijua. Kila Muluba anayepanda ile ndeke harudi. Niliogopa utaniacha." Tangu siku ile simupikii wala simusemeshi. Clovis ameandika nije kumaliza kilio. Nikienda, nibaki kule moja kwa moja?

Madeleine, Bel-Air

JIBU

Madeleine, pole sana kwa mama.

Gérard alikuibia siku tano za mama yako na hawezi kuzirudisha. Woga wake nauelewa, mwaka huu nimeona nyumba nyingi za namna yenu zikivunjika. Lakini mwanaume anayeogopa anamwambia mke wake, "Naogopa." Yeye alivuta masaa matatu mpaka yakawa siku tatu, na alimfanyia hivyo mwanamke aliyebaki kando yake wakati Baluba wenzake wanakimbilia kambi ya wakimbizi. Ungetaka kumuacha, ungekwisha kwenda.

Na wewe nitakugombeza. Telegrame unasoma, barua unaandika, Luano si mbali na kwako. Mama yako anakufa, unauliza mdomo mmoja tu, unakaa? Ungemuuliza Jeanne siku ile ile.

Sasa sikiliza. Uende kwenye kilio. Kazi ya kutafuta ndeke ya kwenda na ya kurudi ni ya Gérard, asimame mwenyewe kwenye mustari. Kabla hujaondoka, amuandikie Clovis kwa mkono wake kwamba aliyekuzuia ni yeye na kwamba alidanganya. Uisome barua yote kabla haijafungwa, uibebe mwenyewe, uitoe mbele ya bandugu zako bote. Mutoto mudogo uende naye, batatu babaki na baba yao, ajifunze kubapikia. Kubaki ama kurudi utaamua kule, ukiisha kulia.

Akikataa kuandika hiyo barua, panda na batoto bote bane.

Mama Laurentine