Kabureta la Baba na Masikio ya Mama

Mpemba,
S.L.P. 88,
Tunduma, Songwe.
15 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Osward,

Hujambo wewe? Shemeji yangu hajambo? Na wale wapwa zangu wadogo wanaojua Kiingereza tu, wanaendeleaje? Nasikia huko Kanada kwa sasa jua linawaka mpaka mnakaa nje na kaptula. Sisi huku ndiyo Juni yetu unayoijua, ukungu mpaka saa nne asubuhi, malori ya Zambia yanatambaa na taa zimewashwa. Nakuandikia nikiwa nimevaa masweta mawili. Vinginevyo tunapumua, Mungu ashukuriwe.

Najua utacheka kwamba nimekaa kuandika barua wakati simu zipo. Kwenye simu kila nikianza kukueleza jambo unaniambia, "Dada, fupisha." Haya, hii ifupishe basi.

Mama hajambo kwa namna yake. Macho ndiyo hivyo tena, lile la kushoto nalo limezima kwa ile presha ya macho, sasa haoni hata mwanga. Kilichokuwa kinaniumiza zaidi ni kwamba tangu Krismasi alikuwa amejifungia chumbani, chakula anakionja kwa ncha ya ulimi na kukirudisha, ukimsalimia anaitikia akiwa amegeukia ukuta. Siku ya Pasaka akaniita, akaniambia anataka kitu kimoja tu: alisikie gari la baba likipanda kutoka barabara kuu, kabla hajatutoka. Kulipanda hataki. Anataka kulisikia.

Ndiyo maana nilikusumbua na habari za ile Shevroleti ya baba. Wewe ulidhani dada yako amepatwa na tamaa ya magari uzeeni.

Osward, unakumbuka baba alivyokuwa akija likizo kutoka mgodini Kitwe, Zambia? Mama anachagua maharage uani, sisi hatusikii kitu, malori yananguruma kule chini kama kawaida, mara mama anainua kichwa na kusema, "Huyo." Wewe unatoka mbio na kaptula yako iliyopasuka, mimi natumwa kupuliza moto. Kisha kweli, unaiona pua yake nyekundu ikichomoza pale kwenye kona, milango miwili, vioo vimejaa vumbi la Mpika, baba ametoa mkono nje. Watoto wa jirani walikuwa wananichukia kwa ajili ya gari lile. Nakumbuka nilivyokuwa nafurahi kuchukiwa.

Basi, fundi Shadrack alilitoa bandani, akanyoosha bodi, akafungua injini. Silinda zote nane alizikuta nzima. Akasema hizi V8 wanazotambia wakubwa siku hizi zingeinamisha kichwa. Kilichokosekana ni kabureta, lile linaloichanganyia injini petroli na hewa. Pale juu ya injini palikuwa wazi, pamezibwa kwa tambara. Unajua sote tuliamini liliibwa wakati wa msiba wa baba, watu walivyokuwa wengi hapa nyumbani, kwa hiyo mama sikumuuliza.

Shadrack kwanza akafanya wanavyofanya mafundi wote wa Tunduma: akafunga kabureta la Toyota. Hapa kwetu hata cherehani ikikataa watakushauri uifunge kabureta la Toyota. Akalikatia kipande cha chuma cha kulikalisha, likakaa, gari likawaka. Lakini kupanda hiki kilima chetu kidogo lilipanda likikohoa na kupumzika, kukohoa na kupumzika. Mama tulikuwa tumemtolea kiti nje. Akasikiliza mpaka tulipofika, akauliza nani kaleta bajaji.

Ndipo likafika lile kabureta ulilolituma. Asante sana, Osward, lilifika salama, na mtaa mzima ulikuja kulitazama. Linang'aa utadhani ni la kuwekwa kabatini, na midomo yake minne. La Toyota lilikuwa halishibishi injini, lako likaivimbisha. Siku ya kwanza lilitoa moshi mweusi mpaka nguo za jirani zikafuliwa upya. Shadrack akasema limetegeshwa kwa watu wa mabondeni, huku kwetu juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo petroli inazidi. Akabadilisha vile vijeti vya ndani vinavyopitisha petroli, akaweka vyenye tundu dogo, moshi ukakatika. Baada ya hapo sikudanganyi, nilitoka nalo hadi Chapwa nikayapita malori yote na gari dogo la polisi. Moyo wangu ulibaki kwenye kabureta hilo, nilitaka liwe ndilo.

Nikapandisha nyumbani kwa mbwembwe zote. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza. Nilipozima akasema, "Ni gari zuri. La nani?"

Nilikasirika, unanijua. Nilikuwa nimeshinda gereji na kurudi nyumbani nanuka petroli, wateja wangu wa mchele wakinipigia simu sipokei, halafu naulizwa gari la nani. Nikamwambia mama kwa sauti ambayo haikuwa nzuri kwamba la baba liliibwa, halipo, tuchague mojawapo kati ya haya mawili tumalize. Mama akasema, "Nani kawaambia liliibwa?"

Akainuka, Osward. Mwenyewe. Akapapasa ukuta hadi chumbani, akaniagiza nivute lile sanduku la bati chini ya kitanda. Ndani yake, chini ya mashuka ya harusi yake, kulikuwa na furushi la kitenge, na ndani ya furushi kabureta la baba.

Kumbe tulipokuwa katika matanga, wakati baba zetu wadogo wamekaa uani wanajadili nani alichukue gari, yeye alimwita kimyakimya marehemu mzee Ferdinand, yule fundi rafiki wa baba, akamwambia afungue kabureta na kumletea chumbani. Hao baba wadogo wakabishana wee, wakaamua, wakaja na ufunguo, gari halikutoka. Wakasukuma, wakachoka, wakaliacha. Nilimuuliza kwa nini sisi wanawe hakutuambia miaka yote hiyo. Akanijibu, "Ninyi mlikuwa mnaniuliza linauzwa lini."

Sasa ngoja nikuchekeshe. Baba alikuwa amemwambia chuma kisipopakwa mafuta kinaliwa na kutu. Basi mama kila mwaka alikuwa anakipaka samli, ile nzuri ya kina mama Bugalama, wafugaji wa kule Kamsamba, ambayo sisi tulikuwa tunanyimwa hata ya kupaka kwenye mkate. Kutu hakuna hata chembe. Lakini kila tundu limezibwa na samli iliyoganda na kunuka, hata uzi haupiti. Shadrack alilichemsha kwenye sufuria yangu ya ugali, akalisugua kwa petroli, akakata gasketi mpya ya kuzibia maungio. Sufuria nimemwachia.

Gari lilipowaka, Shadrack alinishauri nifunge lako. Nguvu zaidi, vipuri vinapatikana, na hili la zamani lina kasoro: ukikanyaga mafuta ghafla, gari linasita kidogo kama mtu anayemeza mate, ndipo linavuta. Akasema ataondoa kusita huko kwa nusu siku. Nikamkatalia. Nilikuwa nimeshakumbuka tulivyokuwa tunachezacheza kwenye kiti cha nyuma, na pale kwenye kona baba akikanyaga, sote tunainama mbele kisha tunarudi nyuma.

Jumamosi moja jioni nikashuka nalo hadi barabara kuu, nikageuza. Sikupiga honi. Foleni ya malori ilikuwa inaguna kama kawaida. Nikakanyaga pale pale kwenye kona, likasita, likavuta, nikapanda taratibu alivyokuwa akipanda baba.

Nilipofika, kiti cha mama kilikuwa kitupu. Restuta, binti anayemtunza mama, alikuwa amesimama mlangoni na mikono kichwani. Akaniambia, "Ma'mkubwa, bibi amenyanyuka ukiwa bado huko chini kwenye malori. Nimemshika akanisukuma."

Nikamkuta uani kwenye bafu, ndoo imetengwa, anachanganya maji ya moto na ya baridi na kuyapima kwa kiwiko, taulo begani. Aliposikia hatua zangu akasema kwa Kibemba, "Mwaiseni mukwai," karibu, kama alivyokuwa akimpokea baba. Nikamwambia polepole kwamba ni mimi Aida, na kwamba baba alishafariki.

"Najua alishafariki, si nilimzika mimi?" akasema. "Sijachanganyikiwa. Lakini gari hilo likipanda, mimi natenga maji."

Akatoa mkono kwenye ndoo, akanipa taulo. "Oga wewe uliyekuja nalo. Yanapoa."

Nikaoga, mdogo wangu. Nililia humo bafuni mpaka maji yakaisha. Nilipotoka nilimkuta mama amekaa jikoni karibu na moto, anamgombeza Restuta kwamba ugali unachelewa.

Tangu siku hiyo hajarudi kuugeukia ule ukuta. Anakula. Asubuhi anataka atolewe nje, na kila Jumamosi ananiuliza kama petroli ipo.

Kabureta lako nimelifunga vizuri kwenye boksi lake, halijapakwa samli. Usinune. Nami nakuomba jambo moja ambalo nimelizungushia maneno yote haya: njoo Desemba. Ulikwama kuja kumzika baba na najua linakutafuna, lakini mama bado yupo na masikio yake yanafanya kazi. Nitakuachia ufunguo kule barabarani, ulipandishe wewe. Maji atayatenga.

Nisalimie sana shemeji na watoto. Baba mdogo Kalisti anakusalimu. Amekuja kulitazama gari walilolisukuma wakachoka, akacheka mwenyewe mpaka akashika mbavu. Binti yangu Erica na mumewe wanakusalimu kutoka Vwawa. Mama amesema nikuandikie kwamba anakuombea kila jioni kwa jina lako lote. Mungu akufunike, akulinde njiani, akurudishe kwetu.

Ni mimi dada yako akupendaye hata ukinikatia simu,

Aida