Plastiki ya Anjela Imekubali Jua

Dada Felista, pole na joto la Morogoro.

“Kompyuta itajuaje tabia ya plastiki isiyokuwepo?” Hivyo ndivyo kaka yetu Deo alivyomcheka mwanao Anjela. Kwani fundi hachori nyumba kabla ya kuijenga? Leo hapa Kirua Vunjo, ukungu ulipoinuka, Anjela aliitoa juani ile plastiki aliyoibuni kwenye kompyuta, ikapitisha umeme kiasi kilekile kilichotabiriwa. Akaifunika kwa jani la mgomba, umeme ukakatika. Shahada aliyokuwa karibu kuiacha imepona! Nililia. “Mjomba, futa machozi, mtori wako wa ndizi unapoa,” akaniambia.

Lala usingizi sasa, dada. Nawe Deo, unayesoma barua za watu: panda basi, chuma shambani kwa baba jani la isale, lile letu Wachagga la kuombea msamaha, umwombe mtoto radhi.