Binti wa Mwenye Kisiwa

Ngana, Kyela

Baba yangu,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje na mvua hizi? Huku zimenyesha mpaka mpunga umelala. Mimi na mjukuu wako Lusajo tunapumua. Ameota meno ya juu, anauma kila kitu.

Baba, tangu tumzike mume wangu unaniambia, "Rudi Kilwa na mwanao, sahani yako ipo." Naandika kwa sababu kwenye simu nikianza nalia, na wewe unakata. Siji, baba.

Matanga yalipokwisha wazee walikaa. Baba mkwe akasema mimi niko huru kwenda, ila mtoto ni wa hapa, mahari ilishatolewa. Mama mkwe, ananipenda yule mama, akaniambia, "Tulia, mwanangu. Nitasema naye mimi, polepole."

Huku mke wa mtoto hamtazami baba mkwe wala hasemi naye. Akimsikia anakuja, anapinda migombani. Nilijua, na siku zote nimepinda. Lakini siku ile uliponipigia ukilia, nilitoka na Lusajo mgongoni, nikamkuta mzee anarudi na kikapu cha kakao, nikasimama katikati ya njia. Nikamwambia usoni, "Baba, naomba niondoke na mwanangu." Kikapu kikamponyoka. Akanipa mgongo, akajifunika uso kwa kofia, akasimama hivyo hivyo mpaka nilipoondoka.

Wifi yangu akacheka, "Mtu wa pwani, umemkaba mzee kama mwizi wa kakao."

Mama mkwe hakucheka. "Alikuwa ameshalainika," akasema. "Alibakiza kusema ndiyo tu. Sasa nikilitaja jina lako anainuka na kuondoka."

Nilipeleka jogoo wa kuomba radhi, akapokelewa. Ombi langu halikupokelewa, na hakuna wa kulipeleka tena. Nikija, nakuja mikono mitupu, bila Lusajo.

Unakumbuka ukisuka makuti ulivyokuwa ukinisimulia habari za kisiwa chetu, kabla ya masultani? Mgeni alioa binti wa mwenye kisiwa, kisha akamtuma yule yule binti amwambie baba yake ahamie bara, maana mtu na mkwewe hawakai mji mmoja. Mzee akataka nguo za kuzunguka kisiwa chote. Zikatandikwa, akazibeba, akaenda zake. Wewe ulipenda pale pa nguo. Mimi nikauliza, "Na yule binti?" Ukasema, "Alibaki kwa mumewe, wewe nawe."

Mgeni anajulikana, mzee anajulikana, yeye hata jina hatukuambiwa. Nikianika kakao namfikiria. Alimwona baba yake anaondoka akabaki, maana alikuwa na mtoto. Na wewe mwenyewe ulisema, mtoto yule alipokua alivuka kwenda bara kumtafuta babu yake, na babu aliposikia anakuja akampa utawala wake wote.

Basi namfundisha Lusajo jina lako. Bado anasema "ba" tu, lakini anaelekea. Sijui kama utamngoja, baba, na kifua hicho. Kula vizuri. Usipande paa tena, makuti wasuke wengine.

Nisalimie mama mdogo aliyenilea, kaka fundi baiskeli, na jirani yetu aliyenipaka hina siku ya ndoa. Mama mkwe anasema ndaga, yaani asante, kwa korosho.

Sahani yangu msiigawe. Atakuja kuilia yeye Lusajo.

Ni mimi binti yako,
Zuhura, mama Lusajo