Sukari ya Mama kwa Tusekile

Ibighi,
S.L.P. 118,
Tukuyu.
17 Aprili 1994

Mpendwa mdogo wangu Ezron,

Ugonile? Naomba barua hii ikukute mzima, na joto la Morogoro liwe limekiponya kile kifua chako. Huku mvua haijakata tangu Pasaka. Mimi na wanangu ni wazima wa mwili, moyoni hapana. Mama yupo, anakula ukimlazimisha.

Najua telegramu ilikufikia tumeshamzika Tusekile, na umeniuliza kilichomuua mdogo wetu. Nakuambia wewe peke yako.

Mwishoni mwa mwaka alianza kukonda. Alikula kuliko wanaume wanaotoka shamba, lakini nguo zilimpwaya. Pale Masukulu, nyumbani kwa mama, midomo ikaanza, maana siku hizi ukikonda tu, una Ukimwi. Mama akaapa mwanawe hatapelekwa hospitali kwenda kuchekwa. Atamnenepesha mwenyewe.

Unakumbuka miaka ya foleni, sukari ilivyofichwa uvunguni, haiguswi ila kwa mgonjwa? Sasa maduka yamejaa, na mama akaona Mungu amemfungulia mlango. Chai tamu, uji mtamu, soda, ndizi mbivu. Tusekile alimaliza vyote, akaomba na maji, akazidi kukauka. Pumzi yake ikanuka kama ndizi zilizopitiliza. Mama akafurahi, akidhani chakula kimeanza kuingia mwilini.

Nilipofika nilimkuta hajitambui. Niligombana na mama mbele ya majirani, nikampakia kwenye gari la chai hadi hospitali. Akafariki kesho yake.

Daktari aliniambia ni kisukari. Alisema ndani ya seli za mafuta kuna vimeng'enya vinavyogeuza sukari ya chakula kuwa mafuta ya akiba, na vinangoja amri ya insulini. Kwa Tusekile insulini haikuwepo. Vya kujenga vikalala, vya kuyeyusha vikashika kazi. Sukari ikabaki inazurura kwenye damu, na mafuta yaliyoyeyuka yakageuka asidi. Ndiyo ile harufu. Wewe unayesomea malisho ya ng'ombe utaelewa kuliko mimi. Mimi nilielewa tu kwamba sindano zingemponya, na kila kijiko cha mama kilimzidishia. Nililia kwa hasira, Ezron.

Msibani wanawake walikaa mbali, vikombe vyetu hawakuvigusa. Mama akasimama akasema, "Mwanangu hakufa na njaa. Ndaga Kyala, asante Mungu, sukari nilimpa mpaka mwisho." Akakaa, ametulia kabisa.

Sasa unakuja likizo, nami nakujua, ukijua jambo hukai nalo. Hata mchungaji ulimfundisha habari za minyoo! Ukisema ni kisukari, jina la marehemu litasafishika, na siku hiyohiyo mama ataanza kuuliza maswali. Inaniuma kuwaacha wale watu na uongo wao. Lakini Tusekile hasikii matusi yao tena, mama bado anasikia. Nakusihi, nyamaza.

Nisalimie shangazi Prisca na mumewe Lugano. Watoto wangu wanakuamkia. Mungu akushike mkono katika masomo na akurudishe salama.

Mama naye anakusalimu sana. Ameambiwa na mjomba Jotham kwamba umekonda, na amekufungia sukari, ataileta Jotham mwenyewe. Ipokee, umwandikie kwamba unainywa.

Dada yako akupendaye,
Janeth