Kabla ya Kutuma, Mama Aione Kwanza

Jumamosi, baada ya magharibi. Joto la leo limekaa kifuani kama kitambaa kilicholowa maji. Kiyoyozi cha chumbani kinajitahidi, lakini hakiliwezi.

Blogu hii naiandika kwa Kiswahili kwa sababu ofisini Hamriya, kwenye kampuni ya bima ninayofanyia kazi katika mji huu wa Kiarabu, hakuna anayekisoma. Hapa nasema nitakalo. Basi nasema: naogopa, na nimeogopa siku nne mfululizo.

Kesho saa sita mchana dirisha la maombi linafungwa. Chuo kiko Ulaya, shahada ya uzamili ya kuongoza michezo ya jukwaani. Nina miaka thelathini na mmoja na sijasomea sanaa hata siku moja. Barua nimeandika. Watu wawili wamekubali kuniandikia barua za kunipendekeza. Kilichokuwa kimebaki ni video, dakika kumi za mchezo niliouongoza mwenyewe.

Video ninayo. Ndiyo inayonitia hofu.

Anayeonekana zaidi humo ni Neema, msaidizi wetu wa nyumbani hapa mtaani Azaiba. Ni Mtanzania wa Dodoma, mwaka wa sita sasa yuko nasi. Ijumaa ni siku yake ya mapumziko, na mimi humpeleka kwa gari mpaka mtaa wa Darsait, kwenye fleti ya rafiki yake wanakokutana. Siku moja nilipanda juu kunywa chai. Nikawakuta wanaigiza mabosi wao, wanacheka mpaka machozi. Nikawaambia warudie, safari hii mtu asicheke. Ndivyo ilivyoanza. Tulifanya hivyo Ijumaa za miezi mitatu.

Mchezo wenyewe ni mfupi, na maneno waliyatunga wao. Mfanyakazi anataka kupiga simu kwao, mtoto wake yuko hospitali. Bosi wake si mkali. Ni mpole, anamwita mwanangu, lakini kila mfanyakazi akishika simu, yeye anamtuma kitu kidogo. Mwanangu, nitilie maji. Mwanangu, hebu katazame kama mlango umefungwa. Neema ndiye anayemcheza bosi. Katikati anaingia binti wa nyumba, anatupa gauni kwenye kiti lipigwe pasi, macho yake hayatoki kwenye simu.

Yule anayecheza binti nilimwelekeza mimi. Nilimwambia, usimtazame usoni, itauma zaidi.

Sikujiuliza nimejuaje.

Kule fletini kelele zilikuwa nyingi, na mimi kichwa changu kilikuwa kwenye nani asimame wapi. Jumatano, nikihariri peke yangu na spika za masikioni, ndipo nikasikia. Sauti ya yule bosi ni ya mama yangu. Lafudhi yake ya Unguja, ile “hebu” anayoivuta, mpaka pumzi anayoishusha kabla ya kuomba kitu. Na gauni lile ni langu, la harusi ya binamu yangu. Siku ile ilikuwa ya kweli. Ilikuwa mwaka jana, ndani ya nyumba hii.

Nilimfuata Neema jikoni, nikamuuliza kama naweza kutuma. Wenzake wawili walishakubali, mabosi wao hawamo mle. Yeye alikuwa anachambua mchele na hakuinua kichwa.

“Dada Zuwena, wewe ukikataliwa unaenda ofisini kama kawaida,” alisema. “Mimi mama akija kuiona, naenda wapi?”

Nikamwambia mama hataiona, inakwenda Ulaya huko.

“Wazungu waione, mwenyewe asiione?” Akaacha mchele. “Hapana. Mwonyeshe kwanza, na mimi niwepo. Kama ni kufukuzwa, nifukuzwe nikiwa nimesimama palepale.”

Nilitafuta sababu ya kutofanya hivyo kwa siku mbili nzima. Jana nilifikiria kutuma kimyakimya. Naliandika hapa nisije nikalisahau: mkono wangu ulikuwa kwenye kitufe.

Leo baada ya alasiri mama alikuwa sebuleni na kahawa yake. Anajua naomba chuo. Kwake yeye shahada ni shahada, ya kitu gani si muhimu sana. Nikaweka kompyuta mezani. Neema akasimama karibu na mlango.

Mwanzoni mama alicheka. “Huyu Bi Zuleikha wa pale kona!” akasema. “Ndo yeye khasa!” Akacheka hadi akaweka kikombe chini. Niliomba Mungu mama aendelee kuamini kuwa ni jirani.

Gauni lilipotupwa kwenye kiti, akaisogelea kompyuta.

Alitazama mpaka mwisho. Kisha akasema, “Huyu mimi.”

Akamgeukia Neema. “Mtoto aliumwa kweli siku ile?”

“Alipasuliwa, mama. Kidole tumbo.”

“Na mbona hukunambia? Mimi nna roho mbaya ya kukuzuia kupiga simu kwenu?”

“Nilikwambia asubuhi, mama. Ukasema Mwenyezi Mungu atamshushia shifaa. Halafu ukaniagiza nimenye vitunguu.”

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekumbusha siku ya kuchukua taka. Mama akanitazama mimi.

“Na wewe ulikuwapo?”

“Nilikuwapo.”

“Ulijua?”

Nilijua. Asubuhi ile nilikuwa ngazini, nikamsikia Neema akimwambia. Mchana nikampelekea gauni. Jambo hili sijawahi kumwambia mtu, hata Neema, na leo nimelisema mbele yake kwa sauti ndogo mpaka mama akanitaka nirudie.

Nikarudia.

Mama akainuka, akapanda chumbani kwake. Hakubamiza mlango. Heri angebamiza.

Ilipita saa nzima. Neema aliosha vikombe ambavyo vilikuwa safi. Mimi nilikaa palepale sebuleni nikiwaza kibali chake cha ukaazi, tiketi ya ndege, ada za yule mtoto, yote hayo kwa ajili ya dakika zangu kumi. Sikuthubutu kwenda jikoni.

Mama aliposhuka, alinipita, akaingia jikoni, akafunga mlango. Nilisikia bomba la maji tu. Alipopanda tena juu nikamkimbilia Neema.

“Kazi ipo,” akasema, akijifuta mikono. “Ameniuliza mtoto anaitwa nani. Miaka sita niko hapa, dada.” Akatazama pembeni. “Amesema utume. Ila leo hataki kuzungumza na wewe.”

Nikairudia barua yangu ya maombi. Ilianza hivi: “Siku moja, katika nyumba moja ya mji huu, nilimwona mfanyakazi…” Nilikuwa naipenda sana sentensi ile. Nimeifuta. Nimeandika kwamba nyumba ni yetu, aliyetupa gauni ni mimi, na mchezo ulitungwa na wanawake watatu, si na mimi. Nilimuuliza Neema kama niweke jina lake.

“Weka yote matatu,” akasema, akanitajia moja moja na kusimama nyuma yangu aone kama nimeyapatia. La tatu nilikuwa silijui.

Nimetuma kabla ya adhana ya magharibi. Ujumbe ukatokea kwamba maombi yamepokelewa. Nilidhani nitafurahi.

Naogopa wasinichukue. Naogopa zaidi wakiniita kwenye usaili, mwalimu mmoja aniulize niliwezaje kumwelekeza vizuri hivyo yule binti, nami nimjibu kwa mdomo wangu, mbele ya watu nisiowajua.

Lakini hofu hiyo ni ya miezi ijayo. Ya leo iko chini. Vyombo vinapangwa mezani, na nasikia mama amevuta kiti chake. Neema ameniita nikale. Mama hajaniita.

Nashuka. Sijui hata nianze na neno gani.