Makinda Walikwisha Kuruka

Dada yangu mpendwa,

Kabla ya salamu, kaa chini. Najua wewe husoma barua umesimama, chai mkononi, lakini hii nakuomba uisome umekaa. Kwa wiki sita nilisema uongo, tena si uongo wa mdomo. Niliuandika kwa kalamu na kuutia tarehe. Hakuna anayejua. Mama hajui, Baba hajui, na sijamwambia rafiki yeyote. Wewe ndiye wa kwanza, na naomba uwe wa mwisho.

Sasa salamu. Hujambo? Shemeji hajambo? Mtoto ameota meno mangapi? Mama anasema ukitoka zamu hospitalini usilale bila kula. Sisi wa huku tu wazima wa mwili. Mama bado anatoa sahani nne kabatini, kisha anairudisha moja. Baba anashona kama kawaida. Mimi nimemaliza shule, matokeo hayajatoka, nami si mtu wa kukaa barazani na wenzangu, unanijua. Ndiyo maana nilipopata kazi ya kuhesabu ndege nilifurahi. Ndege hawakuulizi kwa nini huongei.

Unalikumbuka lile jabali nyuma ya machimbo ya kokoto yaliyofungwa, ambalo Kaka na wenzake walikuwa wakipanda kwa kamba. Si kubwa, halifiki jengo la ghorofa sita. Kila mwaka vipanga wawili hutaga kwenye ufa wa katikati, na wakitaga tu, afisa wa wanyamapori, yule wapandaji wanayemwita Bwana Ndege, husimika kibao njiani: PAMEFUNGWA. NDEGE WANALEA. Hakuna kupanda mpaka kinda wa mwisho aruke. Akisharuka zinahesabiwa siku saba, kisha kibao kinang'olewa. Mwaka huu alihitaji mtu wa kukaa katika kibanda cha mlinzi wa zamani kila Jumatano na Jumamosi, na darubini na daftari, aandike anachokiona. Alinichagua mimi. Alimwambia Mama kwamba mtoto asiye na maneno mengi hana uongo mwingi. Mama alicheka, mara ya kwanza tangu msiba. Nami nikaona fahari, Dada. Sikujua kwamba kimya nacho kinaweza kudanganya.

Siku moja kabla ya kibao kusimikwa, Kaka alipanda mara ya mwisho. Alipanda ile njia aliyoianzisha mwenyewe na kuipa jina la "Mama Usiangalie". Inapita karibu na kiota, mikono miwili mitatu tu kushoto kwake, na juu kuna mahali jiwe limejitokeza kama paa. Mjusi, yule mpandaji mwenzake, ndiye aliyemshikia kamba siku hiyo. Anasema Kaka aliteleza mara mbili chini ya lile paa, akajipaka ile chaki yao ya kukausha jasho mikono yote mpaka viwiko, akacheka, akapita. Wiki moja baadaye akaumwa kichwa. Yaliyofuata unayajua. Homa ya uti wa mgongo, siku nne, na wewe ulifika tukiwa tumekwisha kumzika.

Jumamosi yangu ya pili kibandani nilikuwa nikitafuta kiota kwa darubini, nikasogeza kidogo kushoto, nikaona mkono.

Mkono wa chaki, chini ya paa la jiwe, mahali mvua haifiki. Kiganja cha kulia, vidole vyote vitano. Na kidole cha mwisho kimepinda. Kile ulichokibana na mlango ulipokuwa na miaka tisa, ukalia kuliko yeye. Dada, nilikiona kidole kile waziwazi kama ninavyoiona karatasi hii.

Sikumwambia mtu. Niliandika kwenye daftari: "Mayai matatu. Jike ameatamia. Hali ya hewa nzuri." Nikarudi nyumbani nikala, nikaosha vyombo. Tangu siku hiyo, kila nilipokwenda, niliangalia kiota kwanza kwa sababu ndiyo kazi, halafu nikamwangalia Kaka.

Baba alikuja kibandani mara moja tu, makinda walipokuwa bado wana manyoya meupe. Aliniletea chakula, na hilo lilinishangaza, maana kile kinjia kina mteremko na Baba unamjua. Hata balbu ya sebuleni hubadilishwa na Mama, yeye ameshika kiti na kufumba macho. Alipumua kwanza, akaomba darubini aone hao ndege. Aliangalia kwa muda mrefu sana. Akafuta lenzi kwa shati, akaangalia tena. Nilimuuliza kama anawaona. Akasema, "Ninamwona." Nikafikiri anamsema mama yao.

Makinda walikua. Wa kwanza aliruka Jumatano, wa pili siku hiyohiyo, na wa tatu, yule mwoga niliyempenda, aliruka Jumamosi asubuhi mbele ya macho yangu. Alianguka kidogo, nikashika mdomo, kisha upepo ukambeba. Nilishika kalamu niandike. Mkono ukakataa.

Unajua kwa nini? Kwa sababu ya mswaki. Wapandaji wakifika mahali pa kushika penye chaki ya zamani hupasugua kwa mswaki mkavu, ili vidole visiteleze. Ni adabu yao, kama kufuta ubao kabla mwalimu mwingine hajaingia. Kaka alikuwa na wake kiunoni, na kama utakumbuka ulikuwa wangu, aliuiba bafuni, nikakaa siku mbili bila mswaki. Nilijua kibao kikitoka tu, wiki haitapita kabla mtu hajafika chini ya lile paa na kumsugua Kaka akamtoa. Bila ubaya wowote. Kwa adabu.

Basi nikaandika: "Kinda mmoja bado yumo. Anajificha ndani ya ufa."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, kwa sababu hakuna aliyenitilia shaka. Vipanga wakubwa waliendelea kuja kukaa pale ufani, kwa hiyo kwa mbali ilionekana kweli kuna kitu. Bwana Ndege alikuja wiki ya tatu, akasoma daftari, akasifu mwandiko wangu, akaenda zake kwa kuwa ana majabali mengine manne ya kutazama. Wapandaji walikuja mpaka kwenye kibao na kunung'unika. Mjusi alisimama dirishani akaniuliza huyo kinda anangoja nini, pasipoti? Mwingine akasema labda ni kinda wa siku hizi, atakaa kwa wazazi mpaka aoe. Walicheka wote, nami nikacheka.

Na Baba naye aliuliza. Kila Jumatano na kila Jumamosi nikiingia alikuwa kwenye cherehani, na bila kuinua macho aliniuliza, "Wamesharuka?" Nikasema bado. Akasema, "Haya. Wasiharakishwe." Na mashine ikaendelea. Nilidhani ananiuliza ili tupate la kuongea, maana tangu msiba tumekuwa watu wawili wasio na maneno ndani ya chumba kimoja.

Kuna mambo niliyaona nisiyaelewe. Jumapili asubuhi Baba alikuwa akitoka na mfuko, anasema anapeleka nguo za wateja. Alirudi na chaki kwenye magoti ya suruali. Lakini Dada, fundi cherehani na chaki! Tangu tuzaliwe suruali ya Baba ina chaki. Vidole vilikuwa vimechubuka kwenye ncha, akasema ni sindano. Mama alimtania kwamba uzee umeanza, siku hizi anajidunga kama mwanafunzi.

Wiki ya sita ikaja mvua ya upepo. Si mvua ya kutoka juu, ilikuja ya ubavuni, ikapiga madirisha upande ambao haupigwi, ikaingia mpaka kwenye vitambaa vya wateja. Sikulala. Kulipokucha, haikuwa siku yangu ya kazi lakini nilikwenda mbio, viatu vimejaa tope. Nikashika darubini. Chini ya paa jiwe lilikuwa jeusi, linang'aa, limeoshwa kama sahani.

Nilikaa sakafuni mwa kibanda mpaka jua likawa kali. Kisha nikafungua daftari nikaandika, "Kinda wa mwisho ameruka." Ukweli uliochelewa wiki sita. Sikuwa na sababu tena ya kudanganya, ndiyo maana nikawa mkweli. Hiyo ndiyo sehemu inayonitia aibu kuliko zote.

Siku saba zikaisha, Bwana Ndege akang'oa kibao. Jumapili hiyo Baba aliniambia nivae viatu vya kutembelea, nimsindikize. Tulifika jabalini, na Mjusi alikuwa pale na kamba begani, akamwamkia Baba kwa namna ya mtu aliyemzoea, akamuuliza kama vidole vimepona. Baba akafungua mfuko wa nguo za wateja. Ndani mlikuwa na mkanda wa kupandia wa Kaka, na viatu vya Kaka, na kile kifuko cha chaki ambacho Baba mwenyewe alimshonea kwa kipande cha suruali ya bwana harusi, siku aliyokuwa amemaliza kumgombeza kwamba jabali ni la nyani.

Dada, Baba yetu. Miezi mitatu alikuwa akijifunza kwenye yale mawe mafupi ya nyuma yasiyofungwa, kila Jumapili. Mjusi aliniambia pembeni kwamba siku ya kwanza mzee alipanda jiwe la urefu wa meza, akakaa juu yake nusu saa hawezi kushuka. Wakamshusha kama mtungi. Jumapili iliyofuata akarudi.

Alipanda "Mama Usiangalie". Alipanda vibaya, kwa magoti, kwa tumbo, miguu inatetemeka kama mashine ya kushonea, na Mjusi anamvuta zaidi kuliko anavyopanda. Mara mbili alisema anashuka, na mara mbili hakushuka. Mimi nilisimama chini nimeshika shati lake. Alifika chini ya paa. Akatulia. Akainua mkono wa kulia akauweka juu ya jiwe, akausogeza, akauweka tena, akausogeza, kama anavyofanya umeme ukikatika na anatafuta mshono kwa vidole gizani. Alikaa huko mpaka Mjusi akaniangalia. Kisha akasema kwa sauti ndogo ashushwe.

Alipotua alikaa juu ya jiwe, hakuvua kitu. Nilimpa maji. Ndipo akaniambia kwamba siku ile ya chakula aliona kwa darubini mkono wa Kaka, na kidole chake kilichopinda. Hakutaka kuniambia asije akaniumiza. Alikuwa ametaka jambo moja tu. Katika miaka yote ile hakuja hata siku moja kumtazama mwanawe akipanda, na mara ya mwisho kuongea naye juu ya jabali aliongea kwa ukali. Alitaka apande mwenyewe, aweke kiganja chake juu ya kile. Basi. Kisha aache wenye mawe waendelee na mawe yao.

Akasema mvua imemtangulia.

Nilifungua mdomo, Dada. Nakuapia nilifungua. Nilikuwa na neno kabisa kwenye ulimi. Lakini kipanga jike alipita juu yetu, Baba akainua uso akamfuata kwa macho mpaka akatua ufani, akatabasamu. Akasema hana kinyongo naye. Yule naye alikuwa analea, na kinda wake wa mwisho alikuwa mwoga, angefanyaje? Akasema, "Mzazi hamfukuzi mzazi mwenzake."

Nikafunga mdomo.

Sasa kila mteja anayekuja kupimwa husimuliwa habari za kipanga aliyekataa kumharakisha mwanawe. Baba anaisimulia vizuri, na sindano mdomoni, na wateja wanatikisa kichwa. Kifuko cha chaki amekitundika kwenye msumari karibu na cherehani. Anakula vizuri. Juzi alimwondoa Mama kwenye kiti akabadilisha balbu mwenyewe. Nikimwambia kwamba hakukuwa na kinda, kwamba ufa ulikuwa mtupu wiki sita, na kwamba aliyesimama kati ya mkono wake na mkono wa Kaka alikuwa mimi, atabaki na nini? Au nasema hivi kwa kujihurumia? Nimejiuliza sana, na sijui. Wewe ni mkubwa, labda utajua.

Bwana Ndege ameniletea daftari jipya la msimu ujao. Nimelificha chini ya godoro, sijaandika hata jina langu.

Nisalimie Shemeji, umbusu mtoto mashavu yote mawili. Ukimaliza kusoma, ichane barua hii vipande vidogo, usimwachie mtu wala droo. Na ukipiga simu nyumbani, Baba atakuhadithia habari za kipanga. Msikilize mpaka mwisho, usimkatize. Akifika pale pa kinda mwoga, mwitikie tu, kwa ajili yangu. Mwambie kweli, Baba, mzazi hamfukuzi mzazi mwenzake.

Ni mimi mdogo wako,
yule ambaye Kaka alimwita Sindano kwa sababu hapigi kelele.